Diski Haionekani au Haisomeki? Tuiite Shida kwa Jina Lake

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia Kiswahili. Safari hii tumeonelea vyema tuzungumzie chombo ambacho siku hizi kimebeba kazi zetu nyingi kuliko kabati za ofisini, yaani diski ya nje ya kompyuta. Sababu ni kisa kilichotupata wenyewe hapa idarani, siku tatu kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliamua mwaka 2021 kwamba iadhimishwe kila tarehe 7 Julai.

Mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa atoe mada kuhusu Kiswahili cha wavuvi na wachuuzi wa samaki. Alikuwa amerekodi mahojiano 42, na yote yalikuwa katika diski moja ya nje. Asubuhi ile aliwasha kompyuta ya ofisini huku diski ikiwa imekwisha kuchomekwa, kama alivyofanya siku zote. Kompyuta iliamka vizuri, lakini diski haikuonekana. Akaizima na kuiwasha tena, mambo yakawa yale yale. Wazee wawili kati ya wale aliowahoji walikuwa wamekwisha kufariki dunia, na sauti zao hazikuwa mahali pengine popote.

“Mwalimu, diski imekufa,” alituambia.

Habari zilipoenea, kila mtu alikuja na ushauri wake. Mmoja alisema diski ipelekwe kwa fundi mjini. Mwingine alisema ifomatiwe ili ianze upya. Wa tatu alisema aliwahi kusikia kwamba ikilazwa kwenye friji itapona. Ndipo mwenzetu anayefundisha sarufi akauliza: “Haiwaki, haitambuliwi, haionekani au haisomeki?” Tulicheka, tukadhani ni utani wa mwalimu wa sarufi. Haukuwa utani. Swali lile ndilo lililookoa sauti za wale wazee, na ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Maneno manne, hali nne

Tunaposema “diski imekufa” huwa tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Neno hilo halituambii ni sehemu gani iliyoshindwa kufanya kazi. Tena linatutia haraka ya kufanya jambo kubwa, kwa sababu maiti hana cha kupoteza. Ukweli ni kwamba kazi ya diski hupitia hatua nne, na kila hatua ina kitenzi chake.

Kwanza, diski hupata umeme na kuanza kuzunguka. Ikishindwa hapa, tunasema haiwaki. Pili, kompyuta hugundua kwamba kuna kifaa kilichochomekwa na kukijua ni kifaa gani. Ikishindwa hapa, diski haitambuliwi. Tatu, mfumo endeshi kama vile Windows huipa diski herufi yake na kuionyesha katika dirisha la faili. Ikishindwa hapa, diski haionekani, ingawa imetambuliwa. Nne, mfumo endeshi hufungua mpangilio wa faili zilizomo. Ikishindwa hapa, diski inaonekana lakini haisomeki.

Mtu hawezi kufika hatua ya pili bila kupita ya kwanza. Kwa hiyo uchunguzi uanzie mwanzo na kwenda mbele, bila kuruka. Tena tazama kauli za vitenzi hivyo. “Haitambuliwi” ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa hutudai mtenda: haitambuliwi na nani? Na kompyuta hii. Je, na kompyuta nyingine? “Haisomeki” ni kauli ya kutendeka, nayo haimtaji mtenda yeyote. Hueleza hali ya kitu chenyewe. Mwanafunzi anayesema “haisomeki” kabla ya kujaribu kompyuta ya pili ameilaumu diski kwa kosa ambalo huenda ni la kompyuta.

Kwa nini shida hujitokeza kompyuta inapowashwa

Wengi wetu tumeona kioja hiki: diski ikichomekwa baada ya kompyuta kuamka inafanya kazi, lakini ikiwa imechomekwa tangu mwanzo haionekani. Zipo sababu nne za kawaida.

Sababu ya kwanza ni umeme. Diski inayozunguka huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapoendelea, kama vile mtu asukumaye gari lililosimama. Kwa kanuni za USB 2.0, tundu moja hutoa hadi miliampea 500 kwa volti 5. Kwa USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, ni miliampea 900. Diski ndogo ya inchi 2.5 huweza kuhitaji karibu ampea nzima wakati wa kuanza. Kompyuta inapowashwa, vifaa vyote vilivyochomekwa hudai umeme kwa wakati mmoja, na diski huweza kukosa fungu lake. Diski kubwa za inchi 3.5 huhitaji pia umeme wa volti 12, ambao matundu hayo ya kawaida ya USB hayatoi. Ndiyo maana zina adapta yake ya kuchomekwa ukutani, na adapta hiyo ikilegea, diski haiwaki.

Sababu ya pili ni muda. Kompyuta inapoamka, programu ndogo iliyo kwenye ubao wake mkuu, iitwayo BIOS au, katika kompyuta mpya zaidi, UEFI, hukagua vifaa na kisha kuukabidhi mfumo endeshi kazi. Diski huhitaji sekunde kadhaa kufikia kasi yake. Ikichelewa kuitika jina, huweza kuachwa nje ya orodha, kama mwanafunzi aliyeingia darasani baada ya mahudhurio kusomwa.

Sababu ya tatu ni uwashaji wa haraka. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zinapozimwa hazizimiki kabisa. Sehemu ya mfumo endeshi huhifadhiwa kama ilivyo na kurudishwa asubuhi, ili kompyuta iamke upesi. Hitilafu ya jana katika kuitambua diski huweza kurudi pamoja nayo. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kuizima kompyuta na kuiwasha si sawa na kuianzisha upya. Ukichagua kuanzisha upya, mfumo endeshi hupakiwa wote tangu mwanzo. Kwa hiyo yule aliyezima na kuwasha mara tano huenda hajafanya hata mara moja kile alichodhani anakifanya.

Sababu ya nne ni mpangilio wa kuamka. Baadhi ya kompyuta zimepangwa zitafute mfumo endeshi kwanza katika vifaa vya USB. Zikikuta diski ya nje isiyo na mfumo huo, huweza kukwama kwenye kioo cheusi. Dalili yake ni rahisi: ukichomoa diski, kompyuta inaamka kama kawaida. Dawa yake ni kubadili mpangilio ndani ya BIOS ili diski ya ndani itangulie, au kuchomeka diski ya nje baada ya kompyuta kuamka.

Kama haiwaki

Tazama taa, kisha sogeza sikio. Diski inayozunguka ikiwa nzima hutoa mvumo mdogo usiokatika. Ukisikia inaanza, inakatika, inaanza tena, mara nyingi umeme hautoshi. Zile za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka hazina sauti, hivyo tegemea taa, kama ipo.

Chomoa vifaa vingine visivyohitajika kwa wakati huo. Usitumie kile kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa manne, isipokuwa kiwe na adapta yake cha umeme wake chenyewe. Kwa kompyuta za mezani, tumia matundu ya nyuma, ambayo yamo kwenye ubao mkuu moja kwa moja. Yale ya mbele huunganishwa kwa waya wa ndani ambao huweza kulegea au kuchakaa. Kisha badilisha waya. Waya ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachoharibika mapema, hasa pale kichwa kinapoingia kwenye diski. Waya mfupi ni bora kuliko mrefu.

Kama haitambuliwi

Ikiwa taa inawaka na mvumo ni wa kawaida, lakini kompyuta haina habari, uliza tena juu ya waya. Baadhi ya nyaya za kuchajia simu hupitisha umeme tu bila kupitisha data. Diski itawaka, lakini haitasema neno.

Baada ya hapo, ijaribu diski kwenye kompyuta ya pili. Ikitambuliwa huko, diski ni nzima, na kazi imebaki kwa kompyuta ya kwanza. Rudi kwayo na uianzishe upya. Ikiwa diski itaonekana baada ya kuanzisha upya, lakini ikapotea tena kesho yake baada ya kuzima na kuwasha, basi mtuhumiwa ni uwashaji wa haraka. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika powercfg.cpl, kisha ingia kwenye sehemu inayoeleza kazi za vitufe vya kuzimia. Ruhusu mabadiliko, na uondoe alama ya vema kwenye uwashaji wa haraka. Kompyuta itachelewa kidogo kuamka, lakini itahesabu vifaa vyake upya kila mara.

Kama bado, andika devmgmt.msc kwa njia ile ile. Utaona orodha ya vifaa vyote. Kifaa chenye alama ya njano kina hitilafu. Waweza kukiondoa katika orodha na kuianzisha kompyuta upya ili ikisajili tena. Kuondoa kifaa katika orodha hii hakufuti faili zilizo ndani ya diski.

Kama haionekani

Hapa diski imetambuliwa, lakini haimo katika dirisha la faili. Andika diskmgmt.msc. Litafunguka dirisha linaloonyesha diski zote pamoja na ukubwa wake. Itafute yako kwa ukubwa. Kama ulinunua ya terabaiti 1, utaiona imeandikwa gigabaiti 931 hivi, kwa kuwa kompyuta huhesabu kwa namna tofauti na kiwanda.

Ukiiona, lakini haina herufi, basi imekosa jina la kuitwa. Hutokea pia herufi yake ikawa imechukuliwa na diski ya mtandao wa ofisi. Bonyeza sehemu ya diski hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague kuongeza au kubadili herufi. Sisi hupendelea herufi za mbali kama R au T, ili zisigongane na flashi za wanafunzi. Kuipa diski herufi hakufuti kitu. Hata hivyo, uwe mwangalifu sana, kwani katika orodha hiyo hiyo kuna maneno ya kufuta na kufomati, nayo yako karibu karibu.

Wakati mwingine dirisha hilo litakuuliza kama unataka kuiandaa diski kwa matumizi ya mara ya kwanza. Kwa diski mpya toka dukani, kubali. Kwa diski yenye kazi zako, kataa. Swali hilo maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kuliona jedwali la mgawanyo wa diski. Ukikubali, italiandika jipya juu yake.

Kama haisomeki

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Diski inaonekana, unaibonyeza, na kompyuta inakujibu kwamba ni lazima uifomati kabla ya kuitumia. Usikubali. Kompyuta haijakwambia kwamba diski ni tupu; imekwambia kwamba imeshindwa kuisoma. Msomi asiyejua Kiarabu akipewa kitabu cha Kiarabu hatasema kwamba kurasa ni nyeupe.

Mfano huo hauko mbali na ukweli. Diski iliyoandaliwa kwa kompyuta za Mac haisomeki na Windows bila programu ya ziada, na iliyoandaliwa kwa Linux mara nyingi ni hivyo hivyo. Muulize mwenye diski aliitumia wapi mwanzo. Uliza pia kama aliifunga kwa nywila. Ikiwa diski inatembea kati ya Mac na Windows, mpangilio wa exFAT husomwa na kuandikwa na zote mbili, lakini chagua mpangilio huo diski ingali tupu.

Kama ilisomeka jana kwenye kompyuta hii hii, huenda ilichomolewa wakati inaandikwa, au umeme ulikatika. Ipo amri ya chkdsk inayorekebisha mpangilio wa faili, na wengi huikimbilia. Ikiagizwa kurekebisha, amri hiyo hubadilisha yaliyomo kwenye diski. Kama faili ni za thamani, kwanza nakili kinachonakilika, ndipo urekebishe.

Na ukisikia diski inagonga, tik tik tik bila kukoma, chomoa mara moja. Vichwa vya kusomea vimeshindwa kazi, na kila dakika ya kujaribu yaweza kukwangua sahani zenye data. Usiifungue. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na chembe moja ya vumbi ni jabali kwao. Na wala usiilaze kwenye friji. Unyevunyevu utaganda juu ya sahani. Diski ya namna hiyo ni ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yao si ndogo.

Tulivyoipata ile yetu

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Taa ya diski yake iliwaka, lakini mvumo ulikuwa ukianza na kukatika. Kumbe ilikuwa imechomekwa kwenye kifaa cha kugawa tundu, pamoja na printa na feni ndogo ya mezani ambayo mmoja wetu alikuja nayo wiki ile kwa sababu ya joto. Tulichomoa vyote, tukatafuta waya mfupi, tukaichomeka diski nyuma ya kompyuta. Mvumo ukatulia. Lakini bado kompyuta ilikuwa kimya. Tukaijaribu diski kwenye kompyuta ya mwalimu mwingine, ikatambuliwa mara moja. Haikuwa imekufa. Tuliporudi kwenye kompyuta ya kwanza na kuianzisha upya, badala ya kuizima na kuiwasha, diski ikaonekana, na mahojiano yote 42 yakiwemo.

Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Kunakili kulichukua mpaka saa nane mchana, na hapakuwa na aliyethubutu kugusa meza. Tarehe 7 Julai mwanafunzi alitoa mada yake, na ukumbi ukasikia mzee mmoja marehemu akieleza majina ya nyavu.

Hatukusimulia kisa hiki kwa kujisifu. Mwaka uliotangulia, mwenzetu mmoja aliulizwa na kompyuta swali lile lile la kufomati, naye akakubali, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda darasani. Alipoteza kazi ya tafsiri ya miaka miwili. Tulimpa pole, lakini hatukumuuliza diski ilikuwa katika hali gani, na wala hatukubadilisha mazoea yetu.

Sasa tumeyabadilisha. Kila rekodi ya utafiti idarani huwekwa nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na moja nje ya jengo, kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa msimamizi wa mwanafunzi. Diski huchomekwa baada ya kompyuta kuamka, na huondolewa kwa utaratibu kabla ya kuchomolewa. Na mwanafunzi anayetujia akisema “imekufa” hurudishwa aende akasikilize, atazame, kisha atuambie kwa kitenzi kinachofaa.

Ni matumaini yetu kwamba maelezo haya yatawafaa walimu na wanafunzi popote walipo. Lakini kabla hujaukunja ukurasa huu, msomaji wetu, jiulize: kazi yako ya tasnifu iko mahali pangapi sasa hivi? Kama jibu ni pamoja, anza leo kutengeneza pa pili.